Monticello: Nyumba ya Jefferson na vyumba vilivyofichwa chini yake

Geuza sarafu ya Marekani ya senti 5 na utaona nyumba: nguzo mbele, kuba juu, mabawa mawili ya chini kila upande. Picha hiyo imekuwa kwenye sarafu hiyo tangu mwaka 1938, ukiacha kipindi kifupi cha mwaka 2004 na 2005. Nyumba yenyewe ni Monticello, makazi ya Thomas Jefferson, rais wa 3 wa Marekani na mwandishi mkuu wa Azimio la Uhuru la mwaka 1776. Iko juu ya kilima karibu na mji wa Charlottesville, katika jimbo la Virginia. Jina lake ni la Kiitaliano, na maana yake ni mlima mdogo.

Nyumba inayoonekana kwenye sarafu si ile Jefferson aliyoijenga kwanza. Hiyo ya kwanza aliibomoa sehemu kubwa. Wala si ile aliyoiacha alipofariki, maana kati yetu na yeye wamepita wamiliki wengine, vita, ng'ombe waliofugwa ndani ya nyumba, na warekebishaji walioamua kipi kibaki na kipi kiondolewe. Katika makala hii tunaeleza jinsi nyumba hiyo ilivyobadilika, nani waliijenga kwa mikono yao, na kwa nini chumba kimoja kidogo chini ya bawa la kusini kilizua mjadala mkubwa kuliko kuba lenyewe.

Nyumba ya kwanza

Jefferson alizaliwa mwaka 1743. Baba yake, Peter, alimwachia maelfu ya ekari za ardhi, na ndani ya ardhi hiyo kilikuwemo kilima alichokipenda tangu utotoni. Mwaka 1768 aliingia mkataba na mtu wa kusawazisha kilele chake, eneo la futi 250 kila upande, yaani karibu mita 76. Malipo yalikuwa ngano na mahindi.

Kujenga mlimani lilikuwa jambo la kushangaza kwa watu wa wakati wake. Matajiri wa Virginia walijenga kando ya mito, ambako tumbaku ilipakiwa moja kwa moja kwenye vyombo. Jefferson alitaka mandhari, na gharama ya mandhari ikawa maji. Kisima kilichimbwa mwaka 1769, kina chake futi 65, karibu mita 20, lakini kilikauka mara kwa mara. Kila kilipokauka, maji yalibebwa kutoka chemchemi zilizokuwa chini ya kilima, na waliobeba hawakuwa wakina Jefferson.

Mwaka 1770 nyumba ya mama yake iliungua, naye akahamia kilimani wakati kulikuwa na kijumba kimoja tu cha matofali: chumba kimoja juu, jiko chini. Ndicho kinachoitwa sasa Banda la Kusini. Alipomwoa Martha Wayles Skelton Januari 1772, maharusi walianzia maisha humo. Wengi wetu tunaijua hali hiyo, ya kuhamia kiwanjani na kuendelea kujenga huku maisha yanaendelea. Tofauti ni kwamba kwa Jefferson hali hiyo ilidumu zaidi ya miaka 40.

Hakuwa amesomea uchoraji wa majengo. Aliusoma vitabuni, hasa kwa Andrea Palladio, Mwitaliano wa karne ya 16 aliyewajengea matajiri wa Venice nyumba za mashambani akiiga mahekalu ya Warumi wa kale. Kutoka kwake Jefferson alichukua nguzo, paa la pembetatu juu ya lango, na ulinganifu wa kulia na kushoto. Nyumba ya kwanza ilikuwa na vyumba 8, na mchoro wake ulionyesha baraza mbili za nguzo, moja juu ya nyingine. Mke wake alipofariki Septemba 1782, nyumba ilikuwa karibu imekwisha, lakini inaonekana nguzo za juu hazikuwahi kusimamishwa zote.

Paris yabadili mchoro

Kuanzia mwaka 1784 hadi 1789 Jefferson aliishi Ufaransa kama mwakilishi wa nchi yake. Huko Paris aliona majumba mapya ya matajiri, na moja lilimteka kabisa: Hôtel de Salm, lililokuwa likijengwa ukingoni mwa mto Seine, lenye kuba na sura ya ghorofa moja tu. Alikuwa akienda kwenye bustani ya ng'ambo ya mto na kukaa akiitazama kazi ikiendelea.

Aliporudi nyumbani, nyumba yake yenye ghorofa mbili zinazoonekana wazi ikawa imepitwa na wakati machoni pake. Mwaka 1796 ubomoaji ulianza. Ghorofa ya juu iliondolewa, kuta za mashariki zikafunguliwa, na safu mpya ya vyumba ikaongezwa upande huo, hata nyumba ikawa na kina mara mbili ya ilivyokuwa. Nguzo za mawe za lango la zamani la mashariki hazikutupwa. Ziliwekwa kando kisha zikasimamishwa tena kwenye lango jipya. Kuba ilijengwa mwaka 1800, na inahesabiwa kuwa ya kwanza juu ya nyumba ya makazi nchini Marekani. Vyumba 8 vikawa 21, bila kuhesabu vile vya chini na vya mabawani.

Wakati huo huo mwenye nyumba alikuwa makamu wa rais, kisha rais kuanzia mwaka 1801 hadi 1809. Maelekezo ya ujenzi yalikwenda kwa barua. Anna Maria Thornton, aliyefika kutembea mwaka 1802, aliandika kwamba ukumbi ulikuwa haujakamilika na wageni walipita juu ya mbao zilizolegea. Nguzo za upande wa magharibi, zile za kwenye sarafu, zilikamilishwa mwanzoni mwa miaka ya 1820, Jefferson akiwa mzee wa miaka karibu 80.

Tuangalie hila za nyumba hii ya pili, maana ndizo zilizoipa sifa. Nyumba ina ghorofa 3 juu ya ardhi, lakini ukiwa uwanjani unaona moja. Madirisha ya ghorofa ya pili yamewekwa usawa wa sakafu, juu tu ya yale ya chini, ili yaonekane kama dirisha moja refu. Vyumba vya ghorofa ya tatu havina madirisha ya ukutani. Vinapata mwanga kutoka kwenye vioo vilivyotobolewa paani, ambavyo jumla yake katika nyumba nzima ni 13. Vitanda vimesukumwa ndani ya vishubaka vya ukuta ili kuokoa nafasi. Ngazi za kupandia juu zina upana wa futi 2 tu, yaani sentimita 61, kwa sababu Jefferson aliona ngazi pana ni upotevu wa nafasi. Kila aliyebeba ndoo, kuni au mtoto alizipanda hivyo hivyo.

Na ile kuba maarufu? Chini yake kuna chumba kizuri cha pembe 8, chenye madirisha ya duara na kuta za manjano. Kwa kuwa njia ya kukifikia ni zile ngazi nyembamba, hakikutumika sana, na kuna nyakati kiligeuzwa stoo. Kwa maoni yetu hicho ndicho kielelezo cha nyumba nzima: sura ya nje iliamuliwa kwanza, matumizi yakafuata baadaye.

Saa kubwa ya ukumbini ni kichekesho kingine kilichobaki hadi leo. Iliagizwa Philadelphia mwaka 1792. Uzito wake unashuka ukutani ukipita mbele ya majina ya siku za wiki. Ukumbi ulikuwa mfupi kuliko wiki, ikabidi sakafu itobolewe, na Jumamosi ikaangukia chumba cha chini.

Kazi isiyoonekana

Katika nyumba za Palladio, majengo ya kazi kama jiko, stoo na mazizi yalijipanga wazi kulia na kushoto kwa nyumba kuu. Jefferson alifanya kinyume. Aliyazamisha kwenye mteremko wa kilima na kuyafunika kwa sakafu za mbao za kutembelea. Mgeni anayetembea juu ya bawa la kusini baada ya chakula cha jioni aliona milima ya mbali. Chini ya miguu yake kulikuwa na jiko, chumba cha kukaushia nyama kwa moshi, chumba cha maziwa na vyumba vya kulala vya wapishi. Upande wa kaskazini kulikuwa na sehemu za farasi na magari yao. Ujia mrefu wa chini kwa chini uliunganisha mabawa yote mawili na ghala za mvinyo na bia zilizokuwa chini ya nyumba.

Chumba cha kulia kiliendeleza mpango huo. Pembeni mwa meko kulikuwa na vilifti vidogo vya kupandishia chupa za mvinyo kutoka ghalani. Mlango mmoja ulizunguka kwenye mhimili wake, nyuma yake umepigiliwa rafu: sahani zinapangwa upande wa ujia, mlango unazungushwa, chakula kinatokea mezani. Kwa miaka mingi vitu hivi vilisimuliwa kwa watalii kama ushahidi wa akili ya uvumbuzi, na kweli ni vya werevu. Lakini vilifanya kazi moja zaidi. Watu waliokaa mezani wakizungumzia uhuru hawakulazimika kuwaona sana wale waliokipika na kukileta chakula.

Jefferson alimiliki watu zaidi ya 600 katika maisha yake. Karibu 400 kati yao waliishi Monticello kwa nyakati tofauti, na wakati wowote wa miaka ya baadaye walikuwepo hapo watu 130 hivi. Kando ya nyumba ilipita barabara ya urefu wa futi 1,300, karibu mita 400, iliyoitwa Mulberry Row kwa sababu ya miti ya mforosadi iliyopandwa kandokando. Hapo ndipo palipokuwa na karakana, maghala na vibanda vya kuishi. Kuanzia mwaka 1794 kulikuwa na kiwanda cha misumari ambamo wavulana wa miaka kati ya 10 na 16 walifua chuma kutwa nzima. Misumari ilitumika kwenye ujenzi, na mingine iliuzwa kuingiza fedha.

Ujenzi wenyewe ulichanganya mafundi wa kulipwa na mafundi watumwa. Seremala mkuu aliyeajiriwa mwaka 1798 alikuwa James Dinsmore, mzaliwa wa Ireland. Chini yake alijifunza kazi John Hemmings, ambaye baadaye alichukua nafasi yake. Hemmings alitengeneza milango, fremu na samani ambazo baadhi yake zipo hadi leo. Joseph Fossett alikuwa mhunzi. Burwell Colbert, msimamizi wa shughuli za nyumbani, alikuwa pia mpaka rangi na fundi wa vioo. Edith Fossett, mke wa Joseph, alijifunza upishi wa Kifaransa katika makazi ya rais mjini Washington, na kuanzia mwaka 1809 ndiye aliyeongoza jiko jipya la bawa la kusini.

Jefferson alifariki Julai 4, 1826, akiacha deni la zaidi ya dola 107,000. Katika wasia wake aliwaacha huru watu 5, wakiwemo John Hemmings, Burwell Colbert na Joseph Fossett. Uhuru wa Fossett ulikuwa uanze mwaka mmoja baada ya kifo hicho. Kabla haujafika, Januari 1827, watu 130 waliuzwa kwa mnada hapo hapo Monticello, pamoja na samani na mifugo. Edith na watoto wake walikuwa miongoni mwao. Mtoto mmojawapo, Peter, aliyeuzwa akiwa na umri wa miaka 11, alikuja kuwa mchungaji wa kanisa mjini Cincinnati. Mwaka 1900, akiwa mzee sana, alirudi kuitembelea nyumba hiyo, safari hii akiingia kama mgeni.

Familia iliyoiokoa nyumba

Warithi wa Jefferson hawakuweza kuimudu nyumba. Mwaka 1831 iliuzwa kwa James Barclay kwa dola 7,000, naye akajaribu kufuga nondo wa hariri bila mafanikio. Mwaka 1834 Uriah Phillips Levy aliinunua pamoja na ekari 218 kwa dola 2,700. Levy alikuwa afisa wa jeshi la wanamaji, Myahudi, na alimheshimu Jefferson hasa kwa kutetea uhuru wa dini. Aliirekebisha nyumba iliyokuwa imeanza kuoza. Yeye pia alikuwa na watumwa. Jambo hilo halikukoma kwa kubadilika mwenye nyumba. Mama yake, Rachel, alizikwa hapo Mulberry Row mwaka 1839.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, upande wa Kusini ulitaifisha mali hiyo kwa kuwa Levy alikuwa wa upande wa Kaskazini. Alifariki mwaka 1862, na kesi ya mirathi ikaendelea hadi mwaka 1879. Katika miaka hiyo mwangalizi aliyeachiwa nyumba alihifadhi nafaka vyumbani na kuingiza ng'ombe chini ya nyumba wakati wa baridi. Mpwa wa Uriah, Jefferson Monroe Levy, ndiye aliyeshinda kesi, akatumia fedha nyingi kuezeka na kutengeneza upya.

Shukrani aliyoipata ni kampeni ya kumtaka aiachie serikali. Ilianza miaka ya 1910, na sehemu ya maneno yaliyosemwa dhidi yake yalinuka chuki kwa Wayahudi. Mwaka 1923 aliiuza kwa dola 500,000 kwa taasisi mpya iliyoundwa kuitunza, ambayo inaimiliki hadi sasa. Kwa miongo kadhaa baada ya hapo, mgeni angeweza kumaliza ziara nzima bila kusikia jina la Levy, ingawa familia hiyo iliishika nyumba kwa miaka 89, zaidi hata ya Jefferson mwenyewe. Kaburi la Rachel lilitengenezwa na kuwekewa kibao cha kumbukumbu mwaka 1985 tu.

Kurejesha nini?

Hapa ndipo penye swali gumu la kitaalamu. Nyumba iliyobadilishwa kwa miaka 150 inarejeshwa katika mwaka upi? Taasisi ilichagua kipindi cha Jefferson baada ya kustaafu, kuanzia mwaka 1809. Fiske Kimball, mwanahistoria wa majengo aliyechapisha michoro ya Jefferson mwaka 1916, ndiye aliyeongoza kamati ya urejeshaji. Vitu vilivyoongezwa na akina Levy viliondolewa. Kati ya mwaka 1953 na 1954 sakafu zilifunuliwa, mihimili ya chuma ikaingizwa ndani, na mitambo ya kupasha joto na kupoza hewa ikafichwa kwenye kuta. Kwa hiyo nyumba ya mwaka 1809 tunayoonyeshwa imesimama juu ya chuma cha karne ya 20. Bila hicho isingebeba uzito wa wageni wanaofika kila mwaka.

Uamuzi huo una mantiki, lakini ulihusu vyumba vya juu. Vyumba vya chini ya mabawa havikupewa uzito huo. Mwaka 1941, wakati wa kutengeneza bawa la kusini, mbunifu Milton Grigg aliweka vyoo vya wageni katika chumba kimoja karibu na Banda la Kusini. Mwaka 1967 vyoo hivyo vilipanuliwa.

Kutokana na maelezo ya mjukuu wa Jefferson, wataalamu wanaamini kwamba moja ya vyumba vya sehemu hiyo kilikuwa cha Sally Hemings. Sally alizaliwa mwaka 1773 utumwani. Alikuwa Paris pamoja na binti za Jefferson kuanzia mwaka 1787 hadi 1789, na alizaa watoto ambao 4 kati yao walifikia utu uzima. Mwanawe Madison alisimulia mwaka 1873, katika gazeti la Ohio, kwamba baba yao alikuwa Jefferson. Wanahistoria wengi walimpuuza kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1998 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha uhusiano kati ya kizazi cha wanaume wa ukoo wa Jefferson na kizazi cha Eston, mdogo wake Madison. Mwaka 2000 taasisi ya Monticello ilitoa ripoti ikisema kuna uwezekano mkubwa kwamba Jefferson ndiye baba. Wapo wanaopinga hadi leo, wakidai ni ndugu yake mwingine. Taasisi yenyewe sasa inalichukulia suala hilo kuwa limekwisha.

Hapo ndipo vyoo vikawa aibu. Vilivunjwa, na wanaakiolojia wakachimba chini yake na kukuta sakafu na meko ya zamani. Mwaka 2017, katika Banda la Kusini, waliondoa udongo uliojaza chumba cha chini na kufikia jiko la kwanza kabisa la Monticello, pamoja na mabaki ya majiko ya matofali ya mtindo wa Kifaransa. Kwenye jiko hilo alipikia James Hemings, kaka yake Sally, aliyepelekwa Paris kusomea upishi na kuachwa huru mwaka 1796. Kabla ya hapo, mwaka 2015, majengo mawili ya Mulberry Row yalikuwa yamejengwa upya kwa kufuata misingi iliyochimbuliwa tangu miaka ya 1980.

Chumba cha Sally Hemings kilifunguliwa Juni 2018. Kina upana wa mita 4 na nusu na urefu wa mita 4 hivi, na hakina dirisha. Ghorofani, warekebishaji walikuwa na michoro ya Jefferson, ambaye alizoea kuandika vipimo vyake hadi sehemu ndogo kabisa za inchi, na walikuwa na orodha za samani, risiti na barua. Kwa chumba hiki hawakuwa na mchoro wa ndani wala orodha yoyote, na hakuna picha ya Sally iliyobaki. Hawakukipamba kwa vitu vya kubuni. Ndani kuna umbo la gauni tu lisilo na mtu, na maneno ya Madison kuhusu mama yake yanaangazwa ukutani.